Paulo na Yakobo wanapingana kuhusu imani na matendo?

Swali: Wapendwa, Warumi 3:28 inasema mtu huhesabiwa haki (hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema kwa matendo, si kwa imani peke yake. Wote wawili wanamtaja Abrahamu! Nianzie wapi?

Jibu 1: Anzia Mwanzo, ndugu. Soma 15:6 (Abrahamu anaamini), kisha sura ya 17 (kutahiriwa), kisha ya 22 (kumtoa Isaka sadaka). Paulo (Warumi 4:10) anasimama kwenye sura ya 15: Abrahamu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa. Yakobo anatazama sura ya 22, Isaka akiwa amekwisha kuzaliwa na kukua, halafu anasema tendo lile la kumtoa Isaka lilitimiza andiko la 15:6. Wengi hukosea kwa kuichukua Yakobo 2:24 bila 2:19, ambako imani inayokosolewa ni ile ambayo hata mashetani wanayo.

Jibu 2: Ongeza Waefeso 2:10 (tuliumbwa tutende matendo mema), watu huishia mstari wa 9 (si kwa matendo).

Jibu 3: Naomba pia tusiwasingizie Wakatoliki kwamba wanafundisha kuhesabiwa haki kwa matendo tu. Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki), 1547, ulikataa "imani peke yake", ndiyo, lakini kanuni yake ya kwanza inamlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Mwaka 1999 kule Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri la Dunia walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki; Wamethodisti wakaliunga mkono 2006. Suala la stahili (kama matendo mema yanastahili thawabu kwa Mungu) bado lina mvutano.