Tovuti ya gesti imechoka: nikarabati WordPress, nihamie Blogger au nilipie Wix?

MtotoWaPangani
Wakuu, habari zenu. Tuna gesti ndogo ya familia huku Pangani, vyumba tisa. Tovuti yetu ilitengenezwa 2017 na kijana mmoja kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na sasa imechoka kabisa. Bei ni zilezile za 2017, ukiifungua kwenye simu maandishi yanapanda juu ya picha, na wiki iliyopita ilikuwa nyeupe tupu siku mbili. Mama anataka iwe imekaa sawa kabla ya Juni wageni hawajaanza kuja. Naona njia tatu: kukarabati hiyohiyo, kuhamia Blogger ya Google ambayo ni bure, au kulipia Wix. Ipi nzuri?

Seremala_wa_Seva
Mkuu, umeomba dawa bila kutaja ugonjwa. WordPress ipi? Ile ya wordpress.com, au ile inayopakuliwa wordpress.org na kuwekwa kwenye seva mnayolipia wenyewe? Toleo namba ngapi? PHP, lugha inayoiendesha kwenye seva, namba ngapi? Mandhari (sura ya tovuti) gani, plagini (programu ndogo za nyongeza) ngapi, kurasa ngapi? Paswadi anazo nani? Domeni, yaani anwani ya tovuti, imeandikishwa kwa jina la nani? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri kuhusu tovuti yake, siyo yako.

MamaMapishi
Blogger, mwanangu, usijitese. Blogu yangu ya mapishi iko pale tangu 2011 na sijawahi kulipia seva hata shilingi. Domeni yangu nimeiunganisha, kufuli ya HTTPS ikaja bure, basi. Hakuna plagini, kwa hiyo hakuna plagini ya kukuvunjia tovuti usiku. Blogu ya Kiswahili ilianza kusomwa na watu wengi kwa njia rahisi kama hizi: Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, kisha Issa Michuzi mwaka 2005 pale Blogspot, ndiyo Blogger hiihii. Watu walifuata habari na picha, mapambo hawakuyaangalia.

Seremala_wa_Seva
Mama, nakuheshimu, ila blogu ya mapishi na tovuti ya gesti ni mambo mawili. Blogger inalazimisha anwani zake: chapisho linakuwa na mwaka na mwezi na .html mwishoni, na kurasa zinawekwa chini ya /p/. Kila kiungo cha zamani alichohifadhi mgeni, au kilichowekwa kwenye tovuti za safari, kitakufa, mpaka akae aelekeze kimoja kimoja kwenye mipangilio.

MamaMapishi
Viungo vya gesti ya vyumba tisa ni vingapi? Kumi? Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Dau_la_Mkwajuni
Na kitu cha bure cha Google ni bure mpaka siku watakapokichoka. Google Reader walifunga 2013, Google+ 2019. Zile tovuti ndogo za bure za Business Profile, ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google, ambazo wenye gesti wengi walizitegemea, walizizima Machi 2024. Mimi nilikuwa na moja ya duka la vipuri. Asubuhi moja haipo.

MamaMapishi
Blogger ipo tangu 1999 na Google waliinunua 2003. Imezika nyingi mlizozisifia humu.

MtotoWaPangani
Samahani, nilikuwa kazini. Nimeingia ndani, chini kabisa kulia kumeandikwa 4.9. Plagini 23, nane hazifanyi kazi. Kurasa sita. Watu wa seva wanasema walipandisha PHP kwenda 8, tovuti ikawa nyeupe, nilipowapigia wakairudisha 7.4. Mandhari ni ya kununua, inadai namba ya leseni ili isasishwe, na sisi hatuna.

Seremala_wa_Seva
Hapo sasa tunaongea. WordPress 4.9 ni ya mwishoni mwa 2017, haikuandikwa kwa PHP 8, ndiyo maana ikawa nyeupe bila neno. Kuanzia toleo la 5.2 la mwaka 2019 ingekutumia barua pepe kueleza ni plagini gani imeanguka na kukupa kiungo cha kuingilia. Na hiyo 7.4 waliyokurudishia iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo usihamishie godoro hapo.

Utaratibu ninaoufuata: kwanza bekapu ya mafaili na ya hifadhidata, zote mbili, na ipakue kwenye kompyuta yako, usiiache kwenye seva ileile. Tengeneza nakala kwenye domeni ndogo ya majaribio. Ukiwa bado kwenye 7.4 sasisha plagini na WordPress yenyewe, badilisha mandhari, futa zile nane zisizofanya kazi. Futa, usizizime tu. Faili lililozimwa bado lipo kwenye seva na mtu anaweza kulifikia. Ndipo upandishe PHP. Ukianza na PHP utaona weupe tena.

Na picha, je? Zina uzito gani?

MtotoWaPangani
Nimeangalia moja ya veranda: MB 5.8. Ukurasa wa mbele una kumi na nne.

Seremala_wa_Seva
Hapo mgeni anapakua MB themanini kabla hajaona bei ya chumba. Kuanzia 5.3 WordPress inapunguza yenyewe picha kubwa hadi pikseli 2560, lakini zile za zamani haitazigusa. Zipunguze mwenyewe hadi upana wa 1600, uzihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, upakie upya.

Zuhura_Mwambao
Naomba nisimulie yaliyonikuta, kwa sababu hilo neno leseni limenishtua.

Nilikuwa naangalia tovuti ya kwaya yetu. Kwaya haina pesa, basi mwenzetu mmoja akaleta mandhari ya kulipia aliyoipata bure kwenye kundi la simu. Ilikuwa nzuri kwelikweli, na miezi minne hatukuona tatizo. Siku moja katibu akaandika jina la kwaya kwenye Google, akaniletea simu yake huku anatetemeka. Chini ya jina letu kulikuwa na maandishi ya Kijapani yanayouza mikoba na viatu, kurasa kwa mamia. Lakini ukifungua tovuti yenyewe, kila kitu kama kawaida: ratiba ya mazoezi, picha za Pasaka. Kurasa za Kijapani zilionyeshwa Google peke yake.

Nikaanza kuchimba. Kwenye watumiaji kulikuwa na msimamizi wa pili tusiyemjua. Kwenye folda ya uploads, ambako panatakiwa kuwa na picha tu, nikakuta mafaili ya .php yenye majina yanayofanana na ya WordPress, herufi moja tu imepotoka. Faili la .htaccess, lenye maagizo ya seva, limebadilishwa. Nikafuta, kesho yake vimerudi. Baadaye ndipo nikagundua kwamba hata kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, mtu alijithibitisha kuwa mmiliki wa tovuti yetu.

Usiku wa tatu nikaacha kufutafuta. Nilichukua hifadhidata na picha peke yake, nikaikagua picha moja moja, nikaweka WordPress mpya kabisa, nikabadili paswadi zote pamoja na ya hifadhidata. Yale maandishi yalichukua majuma kadhaa kutoka Google. Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee wa watu, alichapisha nyimbo zake pale, na kila akinipigia alikuwa anauliza swali moja tu: "Mwanangu, Wajapani wameondoka?"

Ndugu yangu wa Pangani, mandhari isiyo na leseni iondoe hata kama inapendeza. Ya kwenu ilinunuliwa, sawa, lakini haisasishwi, na mlango ukiachwa wazi miaka minane mwizi hajali uliletwa na nani. Mwaka 2014 plagini ya Slider Revolution ilikuwa na tundu lililomwezesha mtu kupakua wp-config, faili lenye paswadi ya hifadhidata. Ilikuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi za kununua, na wenye tovuti hawakujua hata kama wanayo.

MtotoWaPangani
Da Zuhura, asante. Ipo kwenye orodha ya zile 23. Sasa mikono inanitetemeka mimi.

Zuhura_Mwambao
Angalia watumiaji kwanza, leo hii, kabla ya kingine.

Kijana_wa_Hugo
Kurasa sita, bei na picha? Hapo hata WordPress ni mzigo. Tengeneza kurasa tuli kwa Hugo, programu inayotoa mafaili matupu ya tovuti, uziweke GitHub Pages ambako zinahifadhiwa bure. Hakuna hifadhidata wala PHP ya kukuvunjia, na hakuna wa kukuvamia.

Dau_la_Mkwajuni
Na mama yake akitaka kubadili bei ya chumba aandike Markdown, maandishi ya alama alama?

Kijana_wa_Hugo
Anajifunza kwa saa moja. Binamu yangu wa darasa la saba anaweza.

MamaMapishi
Binamu yako si mama mwenye gesti, anayepokea wageni kwa mkono mmoja na kukaanga samaki kwa mkono wa pili. Kitu ambacho mwenyewe hawezi kukigusa ndicho kinachokaa na bei ya 2017 mpaka leo.

MtotoWaPangani
Hilo la mama ni kweli. Yeye alizoea kuandika pale kama kwenye barua. Nimeweka nakala kwenye domeni ndogo kama alivyosema Seremala, nikasasisha, nikaweka mandhari ya Twenty Twenty-Five. Mama kafungua, anasema hapajui, kila aya imekuwa kisanduku. Na kurasa zote zimejaa [vc_row] na [vc_column] katikati ya maneno.

Seremala_wa_Seva
Hizo alama ni za WPBakery, plagini ya kupangia kurasa, ndizo inazoacha ikiondoka. Kwa kurasa sita zisafishe kwa mkono, nakili maneno uyapange upya. Kwa mama weka plagini ya Classic Editor, atapata ukurasa wake wa zamani.

Kijana_wa_Hugo
Classic Editor ni kumrudisha 2018. Afundishwe bloku, hivyo visanduku, zina faida nyingi.

Zuhura_Mwambao
Faida kwa nani? Anataka kubadili bei.

Dau_la_Mkwajuni
Nami nasema wageni wa Ushongo na Pangani siku hizi wanakutafuta kwenye ramani ya Google na WhatsApp. Tovuti iwe ukurasa mmoja: bei, picha nne, namba.

MamaMapishi
Ukurasa mmoja Blogger inautosha.

Zuhura_Mwambao
Pangani, hujajibu swali la kwanza kabisa la Seremala. Domeni iko kwa jina la nani?

MtotoWaPangani
Nimeangalia WHOIS, orodha ya wenye domeni, sasa hivi. Ni jina la yule kijana, na barua pepe yake. Inaisha tarehe 19 mwezi ujao. Namba yake niliyonayo haipatikani.

Seremala_wa_Seva
Acha mandhari, acha Blogger, acha vyote. Ni .co.tz? Domeni za .tz ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini unaanzia kwa msajili aliyeiandikisha, jina lake lipo humohumo kwenye WHOIS. Wapigie kesho asubuhi. Beba leseni ya biashara ya gesti na risiti yoyote inayoonyesha mlimlipa yule kijana.

MtotoWaPangani
Risiti mama anazihifadhi kwenye kopo la biskuti. Nakwenda kulipekua sasa hivi.

Kijana_wa_Hugo
Kuhusu bloku lakini, mnakosea.