Vyungu vyekundu vya kale vya Marekani na mitungi ya kijivu: kipi kwa kazi ipi?

Kabati_la_Vyungu: Wakuu, naomba ulinganisho. Vyombo vyekundu vya Pennsylvania na New England vya karne ya 18 na 19, dhidi ya ile mitungi ya kijivu yenye michoro ya buluu. Kipi cha kuokea, kipi cha achari?

Fundi_Tanuru: Anza na udongo. Mwekundu una chuma kingi na ulichimbwa karibu kila mahali, ndiyo maana vyombo vyake vilikuwa vya bei rahisi. Huchomwa kwa nyuzi 1,000 hivi, na hubaki na vinyweleo: bila glezi, yaani ule utando wa kioo, maji yanapenya. Wa kijivu huchomwa nyuzi 1,200 hadi 1,300, ukashikana kabisa. Glezi yake ni chumvi inayotupwa tanuruni joto likiwa kileleni. Mvuke wake hushikana na silika, madini kama ya mchanga yaliyomo kwenye udongo. Ila wafinyanzi wa New England iliwabidi wauagize udongo huo wa kijivu kwa meli kutoka New Jersey na New York, bei ikapanda.

Mama_Pai: Kuoka, chekundu. Sahani za pai zilipakwa glezi ndani tu, mgongo ukaachwa mtupu, na zinavumilia joto likipanda taratibu. Mtungi wa kijivu ukiupasha ghafla unapasuka. Ubaya wa chekundu ni kumeguka ukingoni: glezi ikibanduka, maziwa na mafuta hunywewa na udongo, yanachacha humo na harufu haitoki.

Siki_na_Risasi: Achari isiguse chekundu! Glezi yake ni oksidi ya risasi, ile metali yenye sumu, iliyosagwa na mchanga au udongo. Siki na matofaa huitoa risasi hiyo, hasa glezi ikiwa haikuiva vizuri. Yenye kijani cha shaba ni hatari zaidi, kwa sababu shaba huifanya risasi itoke kwa urahisi. Gazeti la Philadelphia lilishaonya juu ya glezi hii mwaka 1785.

Kabati_la_Vyungu: Na kama kizima, hakina hata ufa?

Siki_na_Risasi: Haijalishi, mkuu. Kiweke kabatini. Cha kuokea nunua kipya cha mtindo uleule, na muulize mfinyanzi kama glezi yake haina risasi.

Fundi_Tanuru: Ukiwa sokoni, gonga kwa kucha: chekundu sauti yake butu, cha kijivu kinalia. Ndani ya mitungi ya kijivu mara nyingi utakuta kahawia iliyokolea. Huo ni uji wa udongo wa Albany, New York, uliopakwa kwa kuwa mitungi ilipangwa ikifunikana na mvuke wa chumvi haukufika ndani.