Windows 7: onyo la usalama, kurasa tupu na fomu ya PDF isiyofunguka

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada. Natumia kompyuta ya Windows 7 yenye kivinjari cha Chrome toleo la 87, ambacho hakijasasishwa kwa muda mrefu. Baadhi ya tovuti zinaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Nyingine zinafunguka zikiwa nyeupe tupu, au maandishi yote yamerundikana upande wa kushoto bila mpangilio. Aidha, ipo fomu ya PDF ninayopaswa kuijaza ambayo, nikiifungua ndani ya kivinjari, inaonyesha ujumbe wa kuniomba nisubiri, kisha haiendelei. Simu yangu ni mpya na inafungua tovuti hizo zote vizuri, lakini fomu hiyo nayo inaishia kwenye ujumbe uleule. Je, ninunue kompyuta nyingine?

Jibu la kwanza

Usinunue chochote kwanza, ndugu. Tazama tarehe na saa ya kompyuta, kwa sababu kila cheti cha usalama cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa huvifanya vyeti halali vionekane batili. Hata hivyo, saa ingekuwa na kasoro, karibu tovuti zote zingekataa. Kwa kuwa umesema ni baadhi tu, nashuku orodha ya vyeti vya mizizi, yaani vyeti vikuu ambavyo kompyuta huviamini na kuvitumia kuthibitisha vyeti vya tovuti. Chrome 87 hutegemea orodha ya Windows yenyewe, na tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti cha DST Root CA X3, ambacho tovuti nyingi mno zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, zilikuwa zikikitegemea. Kompyuta ambayo haijapokea mrithi wake, ISRG Root X1, huzikataa tovuti hizo ingawa hazina kosa lolote. Nakusihi usizoee kulipita onyo hilo, hasa mahali unapoandika nywila, maana siku likiwa la kweli hutalitofautisha na haya ya sasa.

Kurasa tupu zina sababu nyingine. Kivinjari kikikuta alama ya HTML, lugha ya kuundia kurasa, ambayo hakiijui, huiruka na kuendelea. JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, haina uvumilivu huo: neno moja la sarufi mpya linatosha kukifanya kivinjari kilikatae faili zima, na iwapo ukurasa wote hujengwa na faili hilo, hubaki weupe. Maandishi yanayorundikana kushoto ni dalili ya mtindo wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, kutosomwa. Kwa mfano, tovuti nyingi sasa huweka mitindo yao ndani ya tabaka za `@layer`, ambazo Chrome ilianza kuzielewa katika toleo la 99, na toleo la 87 hutupa kila kilichomo ndani ya tabaka hizo.

Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109, na Firefox ya mwisho ni 115. Mimi ningechagua Firefox, kwa kuwa huja na orodha yake ya vyeti na haiingojei Windows.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila fomu naitenganisha na hayo mengine. Simu mpya nayo imeshindwa kuifungua, kwa hiyo kilichopitwa na wakati hapa ni fomu yenyewe. Ujumbe huo wa kusubiri ni ukurasa halisi ulioandikwa ndani ya PDF, na huonekana pale kisomaji kisipoielewa teknolojia ya XFA iliyotumika kuiunda. Hata ungesubiri hadi kesho, hakuna kinachopakuliwa. XFA iliwekwa kando katika kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017, lakini ofisi nyingi bado zinatoa fomu za namna hiyo. Ihifadhi kwenye diski, kisha uifungue kwa Adobe Reader. Firefox nayo huzisoma tangu toleo la 93, kwa hiyo hiyo 115 itakufaa kwa yote mawili.

Muulizaji

Nashukuru sana. Saa ilikuwa sahihi. Nimeweka Firefox 115; maonyo yameondoka, kurasa zinaonekana, na fomu imefunguka na kujazika. Imebaki tovuti moja tu ambayo bado ni nyeupe.

Jibu la kwanza

Kwa hiyo moja, bonyeza F12, fungua sehemu ya Console, kisha upakie ukurasa upya. Ukiona mstari mwekundu wenye neno SyntaxError, tovuti hiyo imekwisha kuipita hata 115. Usipouona, zima viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, kimoja baada ya kingine, kwani kizuia matangazo huweza kuleta weupe uleule.

Ikiwa ni SyntaxError, tatizo limehama kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye mfumo endeshi, yaani Windows 7 yenyewe isiyokubali toleo jipya zaidi, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Hapo ningekushauri ujaribu Linux nyepesi, mfumo endeshi mwingine, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Faili zako hazitaguswa maadamu hujachagua kusakinisha, nawe utaona kama skrini, sauti na mtandao vinafanya kazi. Ukiridhika, nakili nyaraka zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kusakinisha, kisha uunganishe diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili chache kuhakikisha kwamba nakala zinasomeka.