Mjadala: Familia ya marehemu ikishasamehe, Jamhuri yaendelea na kesi kwa haki gani?

Mja wa Kisauni
Assalaam aleikum jamaa. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliifunga kesi ya mauaji ya Eastleigh ya 2011. Familia mbili zilikuwa zimekaa, zikalipana kwa mila na sharia, na upande wa mashtaka wenyewe ukaomba iondolewe. Jaji akategemea kifungu cha 159 cha Katiba, kinachohimiza sulhu na njia za kimila. Baada ya hapo majaji wengine wameikataa njia hiyo. Mimi nasema Baqara aya ya 178 imemaliza: walii wa damu, yaani mrithi wa aliyeuawa, ana kisasi, ana diya (fidia ya damu), ana msamaha wa bure. Akishachagua, Jamhuri inadai nini tena? Hoja tafadhali, si matusi. Na nyie wa "sheria ni moja kwa wote", mkumbuke kwa sheria yenu muuaji anafungwa na mjane hapati hata kilo ya unga.

Wakili Mstaafu
Hiyo kilo ya unga ni maneno ya barazani. Kenya ipo sheria ya madai ya vifo, Sura ya 32. Mke, mume, wazazi na watoto wanamdai aliyesababisha kifo, kesi ya madai, mbali na ile ya jinai. Anayekosa unga ni aliyekaa miaka 3 ikapita. Usitufundishe kwa kutusingizia.

Mja wa Kisauni
Wakili, muuaji yuko gereza la Kamiti, utamdai shuka?

Mgunga
Mnamlilia mjane, na yeye mwenyewe akiuawa mnamlipia nusu. Azimio la Modogashe la 2001 liko wazi: mwanamume 100, mwanamke 50, ng'ombe au ngamia. Huo ndio uadilifu mnaotaka tuletewe mahakamani?

Ibn Mwinyi
Ndugu Mgunga, Modogashe ni makubaliano ya wazee wa kaskazini mashariki kuhusu malisho, wizi wa mifugo na damu. Si kitabu cha fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu. Ila sikufichi: nusu ndiyo kauli ya madhehebu manne. Waliosema ni sawa kwa sawa ni wachache, al-Asamm na Ibn Ulayya zamani, na karne iliyopita Shekhe Mahmud Shaltut wa Azhar. Hoja yao ni Nisaa aya ya 92: imetaja diya bila kutenga mwanamume na mwanamke. Wengi wanajibu kwamba diya si bei ya roho, ni fidia ya warithi kwa riziki iliyokatika.

Mgunga
Riziki? Nenda soko la Kongowea alfajiri uhesabu nani anauza mboga. Kama ni fidia ya riziki, baadhi ya waume wa mji huu walipiwe robo.

Mzee wa Tandika
😂😂 Mgunga umetuua, na diya yetu hailipiki. Sasa mashekhe nisaidieni. Hao ngamia 100 mtu wa Tandika anawatoa wapi? Nimesikia badala yake ni dinari 1,000, yaani dhahabu gramu 4,250, kilo nne na robo. Ukoo wangu wote tukiuza mpaka vitanda hatufiki.

Ibn Mwinyi
Mzee wangu, hapo watu wanachanganya. Dinari 1,000 au dirhamu 12,000 ni kauli ya zamani ya Imamu Shafii. Kauli yake mpya, inayofuatwa huku pwani, ni kwamba asili ni ngamia, na wasipopatikana hulipwa thamani yao kwa fedha ya mji, kwa bei ya siku ya malipo. Hata Sayyidna Umar alipanga upya hesabu kwa sababu ngamia walikuwa wamepanda bei: wenye dhahabu dinari 1,000, wenye fedha dirhamu 12,000, wenye ng'ombe watoe ng'ombe 200, wenye mbuzi na kondoo watoe 2,000.

Na si ngamia wowote. Aliyeua kusudi: majike 30 waliotimiza miaka 3, majike 30 waliotimiza miaka 4, na 40 wenye mimba. Awatoe mwenyewe kwenye mali yake, papo hapo. Aliyeua kwa bahati mbaya ni nafuu zaidi: mafungu matano ya 20, la mwaka 1 majike, la miaka 2 majike, la miaka 2 madume, la miaka 3 majike, la miaka 4 majike, tena kwa miaka 3, theluthi kila mwaka. Sulhu nyingi huvunjika hapa. Kwenye karatasi imeandikwa "ngamia mia" bila umri wala jinsia, halafu mwaka wa kwanza yanaletwa madume yaliyokonda ya kuchinja, mwaka wa pili hakuna kinacholetwa, na mwaka wa tatu damu imeanza upya.

Bi Mkunde
Ustadh Ibn Mwinyi, umetupa miaka ya ngamia mpaka meno yao. Hujasema wanaingia zizi la nani. Diya ni mirathi. Umar mwenyewe alidhani mke hana fungu katika diya ya mumewe, hadi Dahhak bin Sufyan akamwambia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam fungu lake, Umar akarejea. Basi tupige hesabu: marehemu ameacha mke, mama, baba na watoto, wa kiume na wa kike. Mafungu 24: mke 3, mama 4, baba 4, watoto 13. Katika ngamia 100 mke ana 12 na nusu, watoto wana zaidi ya 54.

Sasa niambieni, katika hizo sulhu mnazozisifu, mjane alikaa wapi? Wanaotia saini ni wazee wa ukoo. Wanaogawana ni wazee wa ukoo. Aya imempa haki mrithi, haikumpa mzee mwenye bakora. Na watoto wadogo je? Kwa Shafii walii hana ruhusa ya kusamehe haki ya mtoto bure. Kukiwa na mtoto mdogo kati ya warithi, kisasi kinasubiri abaleghe na muuaji anakaa kifungoni. Khalifa Muawiya alimfunga muuaji Hudba bin Khashram mpaka mtoto wa aliyeuawa akakua. Kwa hiyo "familia imesamehe" ni familia gani?

Mja wa Kisauni
Dada yangu Bi Mkunde, hayo ni makosa ya wazee, si ya sharia.

Bi Mkunde
Na mimi nimesema ya nani? Soma tena.

Wakili Mstaafu
Afadhali mtu amesema. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 176, inaruhusu mahakama kuhimiza sulhu kwenye shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyofikia kosa kubwa. Mauaji hayamo. Na kifungu cha 157 cha Katiba: Mkurugenzi wa Mashtaka haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama. Jaji akipewa karatasi ya sulhu amwulize mjane peke yake, bila wazee chumbani. Angalieni Pakistan walivyofanyiwa. 2011 Raymond Davis wa CIA aliua wawili Lahore, familia zikalipwa zaidi ya dola milioni 2, akatoka. Na ndugu walikuwa wakiua dada zao "kwa heshima ya ukoo", kisha baba anasamehe, maana muuaji na mrithi ni nyumba moja. Bunge lao likabadilisha sheria 2016: hata familia ikisamehe, kifungo cha maisha kinabaki.

Mja wa Kisauni
Nimeuliza habari ya Jamhuri, mmenifikisha Lahore.

Msafiri wa Sur
Umejibiwa tangu juzi ila hukupenda. Ndani ya fiqhi yenyewe, kwa Imamu Malik, aliyeua kusudi akisamehewa bado hupigwa viboko 100 na kufungwa mwaka. Aliyemvizia mtu kwa hila akamuua, msamaha wa familia haupokelewi kabisa. Jambazi wa njiani, Maida 33, naye hivyo hivyo, isipokuwa ametubu kabla hajakamatwa. Haki ya mja ikiondoka, ya umma inabaki. Kwa hiyo Jamhuri kudai chake si ukafiri.

Mzee wa Tandika
Hayo ya kusudi waachieni majambazi. Huku kwetu wanaoua ni bodaboda. Kijana kamgonga bibi kizee, hakukusudia. Nani analipa?

Ibn Mwinyi
Akila yake, mzee: ndugu wa kiume wa upande wa baba, ami na watoto wao. Kwa Shafii baba na mwana hawamo, wala muuaji mwenyewe. Tajiri nusu dinari kwa mwaka, wa kati robo, maskini hadaiwi. Kwa kuwa koo siku hizi hazikusanyiki, Baraza la Fiqhi la Jeddah katika kikao cha Dubai cha 2005 lilikubali bima ya Kiislamu na vyama vya wafanyakazi kusimama mahali pa akila. Vyama vya bodaboda vingeanzia hapo. Kafara lakini ni ya dereva mwenyewe: kufunga miezi miwili mfululizo, kwa kuwa mtumwa wa kumwacha huru hayupo.

Mzee wa Tandika
Wa kwetu aliambiwa alishe maskini 60, akanunua mchele, akamaliza.

Ibn Mwinyi
Hao 60 ni wa dhihari (aliyemfananisha mkewe na mgongo wa mama yake) na wa aliyemwendea mkewe mchana wa Ramadhani. Katika kafara ya kuua aya ile ya Nisaa 92 haikutaja kulisha, na kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kwamba hakupo. Mwambie aanze kufunga. Akikata siku moja bila udhuru, anaanza upya hata kama alikuwa amefika ya 59. Asianze Shaabani, maana Ramadhani itamkatia, wala asipange Idd ya kuchinja na siku tatu baada yake zikaangukia katikati.

Mgunga
Na ya nusu bado hamjanijibu.