Naomba ushauri: leseni za programu zinatumaliza, lakini usalama sitaki uyumbe

Habari zenu wakuu. Tuna duka la nyavu na vipuri vya injini za boti hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Kompyuta ziko sita, zote Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Mbili tu ndizo zina sifa za kupokea Windows 11.

Fundi mmoja kasema ataniwekea Windows na Office za kukraki (za wizi, zisizo na leseni) kwa bei ya soda. Nimekataa. Hizo ndizo zinazoingiza virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, na sisi tunatunza madeni na namba za simu za wavuvi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata kama duka ni dogo.

Nafikiria hizo nne za zamani niziwekee Linux Mint (mfumo endeshi badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Office): bure, halali, na masasisho ya usalama yanakuja. Mbili nipandishe Windows 11, nitegemee Defender iliyomo humo humo, niachane na antivairasi ya kulipia. Office ya kulipia abaki nayo mhasibu peke yake (huyo kwa Excel humwambii kitu).

Waliowahi kuhama, printa za risiti zilikubali Linux? Na faili za Excel zenye makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili) mlizifanyaje, maana LibreOffice naona inazivuruga? Nakala rudufu naweka kwenye diski ya nje ninayoichomoa kila jioni. Inatosha, au niongeze ya mtandaoni?