Swichi za Zigbee: boksi halina nyutro, na umeme ukirudi taa zinajiwasha. Naombeni ushauri

kwetu_goba
Wakuu habari zenu. Nafunga swichi janja za Zigbee (mawimbi ya redio ya vifaa vya nyumba janja) kwenye nyumba ya vyumba vitatu huku Goba, zinaendeshwa na programu ya Home Assistant kwenye kompyuta ndogo. Kila boksi la swichi nikilifungua nakuta nyaya mbili tu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) hakuna. Nikajaribu swichi zisizohitaji nyutro, balbu ya LED ya wati 5 inabaki inawaka hafifu usiku kucha. Umeme ukikatika ukirudi usiku wa manane, taa za chumba cha watoto zinawaka zenyewe. Halafu taa ya korido, inayowashwa na sensa ya mwendo, inazima mtu akiwa bado anapita. Fundi anataka tupasue ukuta tushushe nyutro. Nipasue?

fundi_waya
Usipasue mkuu. Nyumba zetu nyingi zimefungwa hivi: laivu (waya wenye moto) na nyutro zinafika juu kwenye silingi rozi, pale taa inaponing'inia, kisha nyaya mbili zinashuka kwenye swichi, mmoja unapeleka laivu na mwingine unairudisha. Nyutro unayo, ipo darini. Acha swichi yako ya kawaida ukutani, weka moduli ya rilei (kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima taa kwa Zigbee) huko juu.

Zima meini swichi, pima kwa maltimita, testa ya bisibisi peke yake usiiamini. Laivu na nyutro ziingie kwenye L na N za moduli, waya wa taa utoke kwenye tundu la kutokea, nyaya mbili za swichi ziende S1 na S2, matundu ya swichi ya ukutani. Hapa ndipo moduli nyingi zinaungua: Sonoff ZBMINI haitaki umeme kabisa kwenye S1 na S2. Lazima uitoe laivu iliyokuwa inashuka swichini, nyaya hizo mbili zibaki hazina moto. Shelly 1 ni kinyume chake, tundu la SW linasubiri laivu iliyopita kwenye swichi. Fuata mchoro wa kifaa ulichonunua, si wa kwenye video.

Na laivu zinazoendelea kwenda taa nyingine usizikate, utazima nusu ya nyumba. Moduli ikae ndani ya jointi boksi la plastiki, isilale wazi juu ya jipsamu. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA.

dada_rilei
Naongezea kwenye balbu. Swichi isiyo na nyutro inajilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata ikiwa imezimwa. LED ndogo inauona mkondo huo. Dawa ni kapasita ya baipasi, inafungwa kwenye taa, sambamba na balbu, si nyuma ya swichi. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye alama ya X2 na volti 275 AC. Ya kunyofoa kwenye redio mbovu ni hatari ya moto. Ujue pia swichi hizi zisizo na nyutro kwa kawaida hazipeleki mbele mawimbi ya vifaa vingine, kwa hiyo vyumba vya mwisho vitasumbua. Ndiyo maana naunga mkono moduli ya darini.

Umeme kurudi: kama unatumia Zigbee2MQTT (programu inayounganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant), fungua ukurasa wa kifaa utafute power_on_behavior, yaani taa ifanye nini umeme ukirudi. Vyumba vya kulala weka off (ibaki imezimwa), taa za nje weka previous (irudi ilivyokuwa). Mpangilio huo unakaa ndani ya kifaa chenyewe, unafanya kazi hata kompyuta ikiwa bado inaamka. Si kila kifaa kinao, uliza kabla ya kulipa.

Taa za nje zifuate jua, usiandike saa. Dar jua linazama kama saa 12 na robo jioni mwezi Juni, na karibu saa 1 kasorobo mwishoni mwa Januari.

koili
Korido sasa. Sensa nyingi za betri zikishaona mwendo hukaa kimya karibu dakika nzima kutunza betri. Ukiweka taa izime baada ya sekunde 30, itazima mtu akiwa katikati. Weka dakika 2 au 3, na otomesheni yenyewe iwe kwenye modi ya restart ili kila mwendo mpya uanze kuhesabu upya.

Halafu joto letu. Sensa ya PIR, ile ya kawaida ya mwendo, inatafuta tofauti ya joto kati ya mwili na ukuta. Januari ukuta ukishapata moto, tofauti inapungua na sensa inakuwa nzito kuona. Ifunge ili mtu apite mbele yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, asiifuate usoni. Sebuleni watu wanakokaa wametulia, tumia sensa ya rada.

kwetu_goba
Nashukuru sana wakuu, ukuta umepona. La mwisho: moduli ya jikoni inapotea hewani mara kwa mara. Kifaa cha USB cha Zigbee nimekichomeka nyuma ya kompyuta, ruta iko pembeni yake.

fundi_waya
Tatizo ni hapo hapo. Tundu la USB 3 na Wi-Fi ya 2.4 GHz vyote vinapiga kelele kwenye masafa ya Zigbee. Chomeka kwenye USB 2 kwa waya wa kurefusha wa mita 1 au 2, kisogeze mbali na ruta. Wi-Fi iweke chaneli 1, Zigbee chaneli 25. Badili chaneli ya Zigbee sasa kabla hujamaliza kufunga, maana baadaye vifaa vingine utalazimika kuviunganisha upya kimoja kimoja, na vipo darini.