Safari ya masomo Istanbul: niandike nini zaidi ya "nilishangaa"?

Mwanachuo_Ng'ambo
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasoma historia hapa Unguja, na darasa letu linapelekwa Istanbul kwa wiki moja. Tukirudi, kila mtu atoe tafakuri ya kurasa nne juu ya sanaa ya dini aliyoiona. Nachelea kuandika "jengo ni kubwa, nilishangaa". Nianzie wapi, na wanafunzi hukwama wapi?

Msoma_Khati
Waaleikum salaam mdogo wangu. Anzia Kizimkazi Dimbani kabla hujapanda ndege. Kwenye kibla (kishubaka cha ukutani anaposimama imamu) cha msikiti wa kale wa pale kuna maandishi ya Kikufi, yaani khati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe. Nenda na dira: kwetu Makka iko karibu kaskazini kamili. Andika msikiti umeelekea wapi na kibla kimekaa wapi ukutani.

Kisha huko Istanbul, ndani ya Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, tazama mbele. Kibla chake hakiko katikati, kimesogea kulia, na safu za kusalia zimekaa mshazari na jengo. Mfalme wa Rumi, Justinian, alijenga kanisa, 532 hadi 537, na hakuwa na haja ya kuelekea Makka. Waosmani, watawala wa Kituruki, walipoligeuza msikiti mwaka 1453 kuta zilibaki palepale, wakapindisha kibla na safu. Hapo tayari una ukurasa mzima, na hujataja ukubwa hata mara moja.

Jambo linalowaponyoka wengi: anayekwenda kusali huingia chini bila malipo, mtalii wa kigeni hulipa na kupelekwa ghorofani. Mozaiki mashuhuri, yaani picha za vipande vidogo vilivyopachikwa ukutani, ziko huko juu. Ukiingia kusali tu, utazikosa.

Mchora_Nakshi
Naongezea hapo kwenye mozaiki. Ghorofani mtafute Isa akiwa kati ya Maryam na Yahya. Sehemu ya chini imebanduka karibu yote, lakini nyuso zimesalimika. Angalia vivuli usoni, kisha dirisha lililo upande wa kushoto: fundi ameuchora mwanga kana kwamba unatoka dirishani humo.

Dhahabu ile ni utando mwembamba uliobanwa kati ya vioo viwili, na vipande vimepachikwa kwa mwinamo usiolingana. Ukisogea hatua mbili, mng'ao unahama. Ndiyo maana picha ya simu hutoka bapa, na ukiwasha taa yake ndiyo unaharibu kabisa (nayo hairuhusiwi). Chukua penseli na daftari, kaa na picha moja dakika ishirini. Wanaozunguka majengo sita kwa siku hurudi na picha mia tano na hawana la kuandika.

Bi_Mkunazini
Mwanangu, Ijumaa asubuhi usiipangie misikiti, watalii hawaingii mpaka sala iishe. Vaa soksi, beba mfuko wa viatu. Wasichana wachukue ushungi wao.

Na usiogope kuandika unavyojisikia wewe Muislamu mbele ya sura ya Isa. Ila eleza kwanza ulichokiona, hisia zifuate, la sivyo mwalimu atasoma hisia zisizo na kitu cha kuzishika. Mahali palipobadilishwa kazi si pageni kwetu: kanisa la Anglikana la hapa Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Pita humo wiki hii, altare iko pale panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Maswali utakayojiuliza hapo yaandike, uende nayo Istanbul.

Mwanachuo_Ng'ambo
Ahsanteni sana. Jumamosi Kizimkazi, Jumapili baada ya ibada yao Mkunazini. Dira ya simu inatosha?

Msoma_Khati
Inatosha, ila iweke mbali na chuma na uipime mara tatu.